Kupiga andasili nyumbani: kazi iko kwenye kukwangua, siyo kwenye kopo

Kila masika yakikaribia maswali ni yale yale. Nipake oili chafu chini ya gari? Ninunue andasili (ile dawa nzito ya kupaka chini ya gari kuzuia kutu) ya aina gani? Nikipaka juu ya kutu, kutu itakufa? Nimeyajibu kwenye simu, kibarazani na chini ya mwembe wa jirani mpaka nimeona afadhali niyaandike yote mahali pamoja. Hilo la tatu nalijibu sasa hivi: haifi. Inaendelea kula chuma ikiwa imefunikwa, na wewe huioni tena.

Maelezo haya ni kwa mwenye gari dogo au pikapu, anayeishi ukanda wa pwani, iwe Dar, Tanga, Mtwara, Mombasa au Unguja, mwenye uwanja wa sakafu ngumu na anayeweza kukaa bila gari siku nne. Siku hizo nne ndizo kila mtu anataka azibane ziwe moja, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Kupaka hakumalizi hata nusu siku. Siku nyingine zote zinakwenda kwenye kuosha, kukausha na kukwangua.

Nadharia ni hii tu. Chuma kikipata maji na hewa kinaota kutu, na chumvi ikiingia kwenye maji hayo mambo yanakwenda mbio zaidi. Chumvi ya bahari tena huvuta unyevu kutoka hewani, ndiyo maana gari ambalo halijanyeshewa miezi miwili bado tumbo lake lina unyevunyevu. Ukibebea samaki kutoka soko la Feri, maji ya barafu yanayochuruzika kwenye bodi yanaishia juu ya chesisi. Ukishusha boti ufukweni, umelichovya gari kwenye supu yenyewe. Ukipita kwenye mafuriko, tope linaingia kwenye mifuko ya chesisi na kubaki humo likihifadhi maji kama sponji.

Na kuna kutu ambayo haikuanzia kwetu. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na kule Hokkaido na mikoa mingine ya theluji barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Kama bado unayo karatasi ya mnada ya gari lako, itazame: herufi S inamaanisha kutu, C inamaanisha chuma kimeshaliwa. Ukikuta maneno "shitamawari sabi", hiyo ni kutu ya tumboni. Gari la namna hiyo huteremka bandarini juu likimeta, chini limeshaanza kuoza kabla halijapanda meli.

La kwangu la kwanza lilikuwa hivyo. Nikalipeleka gereji moja lipigwe andasili, nikarudi jioni nikalikuta jeusi tii, nikalipa, nikaenda zangu nimefurahi. Mwaka uliofuata fundi aliyekuwa akinibadilishia sailensa akagonga chesisi kwa nyundo kidogo tu, ganda jeusi likaanguka pande kwa pande kama ukoko wa wali, na nyuma yake kutu nyekundu iliyoloa maji. Walipaka juu ya tope. Tangu siku ile napiga mwenyewe.

INGIA CHINI KWANZA, DUKANI BAADAYE

Usinunue kitu kabla hujatazama. Chukua tochi na bisibisi bapa. Tazama kuta za ndani za madigadi, vizingiti chini ya milango, sehemu shokapu zinapofungwa, mikono ya magurudumu, mabano ya tenki la mafuta, na kila mahali mabati mawili yanapoungana. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia; kilichooza kinajibu kwa sauti butu kama boksi la karatasi.

Utakuta mojawapo kati ya hali tatu. Kutu ya juujuu, rangi ya chungwa, ukiipitishia msasa chuma kinang'aa: hiyo ni yako, utaimaliza nyumbani. Kutu ya magamba, inayobanduka vipande: hiyo pia unaiweza, ila jiandae kutoka jasho. Ya tatu ni pale ncha ya bisibisi inapozama au kutokeza upande wa pili. Hapo acha. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea, akate kipande kilichooza na kuchomelea bati jipya, tena kabla ya andasili, maana andasili ikipata moto inawaka. Usikubali mtu akuzibie tundu la chesisi kwa puti na faiba. Puti haibebi gari.

Wenye pikapu na magari ya chesisi ya ngazi (vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi), msiridhike na nje. Chesisi zile nyingi ni za boksi, mashimo ndani, na huoza kutoka ndani kuja nje. Marekani mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, na malalamiko yalikuwa ni hayo hayo ya kutu. Chomeka tochi kwenye matundu ya pembeni uone kuna nini humo.

VINAVYOHITAJIKA

Jeki ya magurudumu, ya kugaragara sakafuni, na stendi nne za jeki. Nne, siyo mbili. Kabari za mbao au mawe ya kuzuia mataili. Spana ya mataili, boksi spana za kawaida, na bisibisi ndogo ya kung'olea vibanio vya plastiki.

Mpira wa maji wenye presha, sabuni ya unga au ya maji, na brashi ya kufulia yenye mpini mrefu. Ukiweza kupata mashine ya presha, vizuri zaidi.

Brashi ya waya ya mkono, kisu cha kukwangulia puti, nyundo ndogo, msasa namba 80 na namba 120. Drili au grainda yenye brashi ya waya inaokoa siku nzima, lakini siyo lazima.

Thina, matambara safi mengi (fulana kuukuu za pamba, siyo nailoni), tepu ya karatasi, magazeti, mifuko ya plastiki, maboksi ya kutandika sakafuni.

Dawa ya kubadili kutu, ile ambayo ikipakwa inageuza kutu kuwa nyeusi. Rangi ya praima ya kuzuia kutu. Redoksaidi ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi inafaa. Andasili yenyewe: gari dogo kama Vitz au IST nimelipiga kwa lita 4 kwa mikono miwili (yaani kulipaka mara mbili), pikapu inakula zaidi. Halafu nta au mafuta ya kupuliza ndani ya chesisi, yenye mpira mwembamba.

Miwani ya kinga inayofunga pembeni, glavu, barakoa ya mvuke wa rangi siyo ya kitambaa, kofia, na nguo ambazo hutazililia. Miwani ndiyo ya kwanza kabisa kwenye orodha hii ingawa nimeiweka mwisho. Unalala chali, kutu inadondoka usoni, na nyuzi za brashi ya grainda zinaruka kama sindano.

ANDASILI GANI?

Ziko za lami na raba, nyeusi, zinazokauka zikawa ngumu kiasi. Zinastahimili kokoto za barabara ya vumbi, hazichafui nguo ya fundi, na zinapatikana kirahisi. Kasoro yake ni kwamba miaka ikipita zinapasuka nyufa ndogo, maji yanaingia nyuma na hayatoki. Ni nzuri juu ya chuma kisafi kilichopigwa praima. Juu ya kutu ni balaa.

Ziko za nta, na za mafuta ya lanolini, yale yanayotoka kwenye sufu ya kondoo. Hizi hubaki laini, hujitambaza zenyewe zikikwaruzwa, na huonyesha kutu mpya badala ya kuificha. Ila huchujuka kwa mvua na kuosha, kwa hiyo kila mwaka unarudia. Kwa gari lenye kutu ya zamani ambayo huwezi kuikwangua yote, nakushauri hizi.

Mimi nachanganya: ya lami kwenye madigadi na sakafu ambako kokoto zinapiga, nta ndani ya chesisi, vizingiti na maungio.

Na oili chafu? Sitasema haifanyi kitu. Madereva wa malori wameipaka miaka mingi na kwa wiki kadhaa kweli inazuia maji. Lakini inalainisha na kuvimbisha bushi na raba, inakusanya vumbi mpaka tumbo linakuwa kama limepigwa plasta, mvua ya kwanza inaipeleka kwenye udongo wa uani kwako na kwenye kisima cha jirani, na imebeba uchafu wa injini ambao haufai ngozini mwako. Kama mfuko umebana, paka grisi safi kwenye maungio na nati, mengine uyakwangue na kuyapiga redoksaidi tu. Hiyo inaishinda oili chafu kwa mbali.

SIKU NA SAA

Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndiyo wakati wangu: mvua ni chache na upepo unasaidia kukausha. Januari na Februari nazo zinafaa, ila jua kali; chuma kikiwa cha moto rangi inakauka juu kabla ya kushika chini. Anza kupaka saa nne asubuhi. Kabla ya hapo bati la chini bado lina umande usiouona kwa macho. Pitisha kiganja, utausikia.

HATUA

1. Osha. Siku ya kwanza hii, na ni nusu ya kazi yote. Piga maji baridi yasiyo ya chumvi (kama maji ya kisima chako yana chumvi, lipeleke gari panapooshwa kwa maji ya bomba) ndani ya madigadi, juu ya tenki, kwenye kila mfuko wa chesisi, mpaka maji yanayotoka yawe safi. Halafu sabuni na brashi, halafu maji tena. Chumvi haitoki kwa kufuta wala kwa kukwangua, inatoka kwa kuyeyushwa na maji. Ukiiacha chini ya rangi itavuta unyevu na kuivimbisha rangi malengelenge. Usielekeze presha karibu kwenye waya, sensa na raba za sivijointi (maungio ya ekseli za magurudumu).

2. Endesha, kisha egesha. Zunguka na gari dakika ishirini ili joto na upepo vitoe maji yaliyojificha, halafu liache likauke hadi kesho yake. Kama kuna unyevu hewani, liache siku mbili.

3. Nyanyua. Sakafu iwe ya zege, tambarare. Kwenye pevingi au udongo ulioshindiliwa weka ubao mnene chini ya kila stendi. Gia iwe P au gia ya kwanza, hendibreki juu, kabari kwenye mataili yaliyobaki chini. Nyanyua upande mmoja, weka stendi mbili sehemu ambazo kitabu cha gari kinaonyesha, kisha upande wa pili. Likishakaa juu ya stendi zote nne, lisukume kwa bega kwa nguvu. Likicheza, shusha uanze upya. Likiwa halichezi, endelea; mataili ukishayafungua kwenye hatua ya 4, yaingize chini ya vizingiti yawe bima ya pili.

Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo inayobeba. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa kuokota nati. Na usitumie matofali. Tofali la bloku lina matundu ndani, linapasuka ghafla bila kukuaga.

4. Fungua vinavyofunguka. Mataili, plastiki za ndani ya madigadi, kava la chini ya injini. Vibanio viweke kwenye kopo moja na nati kwenye kopo jingine, vinginevyo utamaliza siku ukitafuta. Nyuma ya plastiki za madigadi utakuta mchanga, majani, pengine na kiota cha panya. Ondoa, osha tena hapo, acha pakauke.

5. Zibua matundu ya kutolea maji. Chini ya vizingiti, chini ya milango na kwenye chesisi kuna vitundu ambavyo watengenezaji waliviacha makusudi. Vipitishe waya mmoja mmoja. Vihesabu na uandike namba, maana mwishoni utavihesabu tena.

6. Kwangua. Magamba yagonge kwa nyundo ndogo, fuata na kisu cha puti, halafu brashi ya waya, malizia na msasa 80. Rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri usiing'oe. Ipitishie msasa 120 ipoteze mng'aro tu, na kingo zake ziwe nyembamba zisishike kucha. Andasili ya zamani ijaribu kwa kisu: iliyoshika iache, iliyovimba au kulia kwa utupu ukiigonga iondoe yote hata kama inakuuma. Ukishafika kwenye chuma, kutu ibaki ile nyembamba iliyong'ang'ania kwenye vishimo, si zaidi.

Tahadhari mbili hapa. Grainda inatoa cheche, kwa hiyo isikaribie tenki, mipira ya mafuta wala matambara ya thina. Huko tumia mkono. Na mabomba ya breki, vile vibomba vyembamba vya chuma vinavyotambaa kando ya chesisi, yasikwanguliwe kwa nguvu. Yafute kwa tambara. Ukikuta bomba limekwisha kwa kutu au limetota, usilifunike kwa kitu chochote. Libadilishwe kwanza, gari lisitembee.

7. Futa. Ondoa vumbi kwa upepo wa kompresa au brashi laini, kisha futa kwa tambara lenye thina, ukigeuza upande safi kila mara mpaka tambara lisitoke na weusi. Watu wanapenda kufutia mafuta ya taa kwa sababu ni rahisi; yanaacha utando wa mafuta na rangi haishiki. Petroli usiifikirie kabisa. Mvuke wake ni mzito, unakusanyika chini ya gari pale pale ulipolala.

8. Funika. Tepu na magazeti au plastiki kwenye: diski, dramu na kalipa za breki, bomba lote la ekzosi na boksi la katalisti, propela shafti na maungio yake, raba za sivijointi na bushi zote, mipira ya breki, nyaya za hendibreki zinapoteleza, sensa na soketi za waya, injini, gia boksi na rejeta, kipumuo cha tenki, nati za kurekebishia magurudumu, namba ya chesisi kama imechongwa sehemu unayopaka. Ukiona hatua hii inachosha, kumbuka kukwangua andasili kwenye diski kunachosha zaidi.

9. Dawa ya kubadili kutu. Paka kwa brashi kwenye madoa ya kutu yaliyobaki tu, mkono mwembamba. Haina kazi kwenye chuma kinachong'aa wala juu ya rangi. Itageuka nyeusi au buluu-nyeusi. Soma kopo: kuna zinazosuuzwa kwa maji baadaye na kuna ambazo hazitakiwi kuguswa na maji tena, ukizichanganya umepoteza siku. Vaa glavu, nyingi zina asidi. Acha hadi kesho.

10. Praima. Mikono miwili miyembamba kwenye kila sehemu iliyofika chuma. Zingatia kingo, vichwa vya nati na maungio ya mabati, maana rangi hukimbia kwenye pembe na kubaki nyembamba hapo. Mimi hupaka pembe kwanza kwa brashi ndogo, kisha eneo lote. Muda wa kukauka fuata kopo, na kwenye unyevu wa pwani ongeza.

11. Andasili. Koroga kopo mpaka chini, maana uzito wote umetulia huko. Kwa brashi ya inchi mbili, igonge kwanza iingie kwenye maungio, kisha itandaze. Kwa kopo la kupuliza au bunduki ya kompresa, shika umbali wa sentimita 25 hivi na usisimame mahali pamoja. Mkono wa kwanza uwe mwembamba. Subiri ukauke, kisha wa pili ukikatiza ule wa kwanza. Mkono mmoja mnene ni kosa la wengi: juu unafanya ngozi, ndani unabaki mbichi wiki nzima, halafu unateleza wote na vumbi. Mlango wa banda uwe wazi, sigara na jiko la mkaa viwe mbali.

12. Ndani ya chesisi na vizingiti. Hili lifanye baada ya nje kukauka, kwa sababu nta ikidondokea chuma ambacho hakijapakwa, rangi haitashika hapo tena. Ingiza mpira mwembamba mpaka mwisho, bonyeza huku ukiuvuta polepole. Utajua imetosha ikianza kuchuruzika kwenye vitundu vya chini. Andasili ya lami usiimimine humo ndani.

13. Fungua, hesabu, rudisha. Toa tepu kabla rangi haijawa ngumu kabisa. Zibua tena vitundu vyote vya maji na uhakikishe namba ni ile ile uliyoandika. Rudisha plastiki na mataili, kaza nati kwa mtindo wa msalaba gari likiwa chini, na uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kabla ya kutoka getini kanyaga breki mara kadhaa, kisha ijaribu kwa mwendo wa kinyonga. Siku mbili za mwanzo epuka maji na barabara ya vumbi.

MAMBO YAKIENDA MRAMA

Harufu ya kuungua na moshi mwembamba kutoka chini. Tone la andasili limeangukia ekzosi. Simamisha gari, zima, angalia kwa tochi. Kama ni matone machache, subiri bomba lipoe kabisa, kwangua na ufute kwa thina, kisha iache thina ikauke kabla ya kuwasha. Kama umelipaka bomba zima, usiliache "liungue lenyewe" kama wanavyosema. Safisha.

Breki zinalia, zinavuta upande au hazishiki. Usiendeshe. Diski inaweza kusafishika kwa dawa ya kusafishia breki, lakini pedi zilizonyonya mafuta au lami hazisafishiki, nunua mpya.

Andasili bado inanata siku ya tano. Ulipaka nene au hewa ilikuwa na maji. Egesha penye upepo, ngoja. Ikifika wiki mbili bado laini ukiibonyeza, ng'oa sehemu hiyo upake tena nyembamba. Za nta na lanolini hazihusiki. Hizo zinanata maisha yao yote.

Malengelenge. Toboa moja kwa sindano. Yakitoa maji, kulikuwa na unyevu au chumvi chini: rudi hatua ya kwanza kwa eneo hilo. Yakiwa makavu, ni thina iliyofungiwa na mkono wa pili uliokuja mapema mno. Kwangua na upake upya hapo tu.

Inabanduka kama ngozi ya nyoka. Mafuta yalibaki, au ulipaka juu ya rangi ya kung'aa bila msasa. Hakuna njia ya mkato.

Maji yanachezacheza ndani ya mlango au kizingiti, unayasikia ukikata kona. Umeziba tundu. Tafuta msumari sasa hivi, usingoje Jumamosi.

Mstari wa kutu unachuruzika kwenye maungio miezi michache baadaye. Hii itatokea hata kwa fundi hodari, kwa sababu kati ya mabati mawili brashi haifiki. Usirundike andasili juu. Puliza nta au lanolini kwenye ungio mara mbili tatu, wiki kwa wiki, inyonywe ndani.

Halafu kuna swali la lini urudie. Ingia chini na tochi mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake. Penye mkwaruzo weka kiraka siku hiyo hiyo: msasa, thina, praima, andasili. Ukitoka ufukweni au kubeba samaki, piga maji ya bomba chini ya gari kabla hujaingia ndani kula, hata kama umechoka. Kopo lililobaki futa mdomo wake, funga mfuniko uubane kwa nyundo ya raba, na ulitunze kivulini mbali na jikoni. Utalihitaji kwa viraka Juni ijayo.